Joho la Kuazima

Kihesa nzima, mtaa wa Iringa mjini, walimwita Yudith Dokta, na kila walipomwita aliwajibu kwamba bado. Aliwajibu hivyo kwa miaka: sokoni, mlangoni mwa kanisa, misibani, hata kwa mwenye bucha aliyekuwa anamkatia nyama tu na hakuwa na shida na elimu ya mtu. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walidhani ni unyenyekevu wakazidi kumpenda, na kinara wao alikuwa mama yake mzazi. Ukimuuliza yule mama habari za binti yake, atakwambia Dokta yuko Mbeya, Dokta hajambo, Dokta leo kafua nguo na mvua imemnyeshea.

Tusiwacheke. Ndivyo tulivyojizoeza wenyewe nchi nzima. Kidato cha nne wanafanya mahafali yao, wanavishwa mashada, mgeni rasmi anatoa nasaha ndefu, wazazi wanakula pilau na kucheza, halafu mtihani wenyewe unakuja wiki kadhaa baadaye. Sherehe kwanza, mtihani utajijua. Watoto wa chekechea wanavishwa joho na kofia ya pembe nne kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Sasa umwambie mama wa Kihesa kwamba binti yake amepokelewa kusomea shahada ya uzamivu, kisha umkataze kupika mpaka miaka minne ipite? Nani angengoja?

Yudith Nyenza alikuwa mwalimu wa baiolojia kabla ya kuwa chochote kingine. Alifundisha sekondari za Iringa, akajibana akasoma shahada ya pili, na chuo kimoja huko Mbeya kilipopandishwa hadhi kikaitwa Chuo Kikuu cha Nyanda, akaajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi. Akapanga vyumba viwili mtaa wa Soweto hukohuko Mbeya, akanunua sweta zito, akaanza maisha. Mhadhiri msaidizi chuoni ni kama mchumba, hawezi kukaa katika hali ile maisha yake yote. Asipopata uzamivu katika muda aliopewa, anaondolewa darasani na kupelekwa kwenye kazi nyingine yoyote itakayopatikana. Yudith alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Na alipenda darasa kuliko kitu chochote duniani.

Nyanda ni chuo cha serikali, na chuo cha serikali cha mkoani kina mambo yake. Kibao hutangulia jengo. Kibao kikubwa cha bluu kilichoandikwa Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili na Uzamivu kilisimikwa pembeni mwa barabara wakati kurugenzi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa zamani stoo ya vifaa vya michezo, na mkurugenzi, Dokta Rabson Mwakatundu, alikuwa akifanya kazi huku nyavu za mpira wa wavu zimemning'inia kichwani. Rabson hakuwa mtu mbaya. Katika habari hii hakuna mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alitaka vijana wa Mbeya, Songwe na Njombe wasilazimike kwenda Dar es Salaam kutafuta shahada ya juu. Alilala na mitaala akaamka na mitaala. Akaanzisha uzamili, programu mbili zikasimama imara, na alipopata nguvu akataka uzamivu katika magonjwa ya mimea, kwa sababu huku tunalima na mimea yetu inaugua.

Wakaguzi wa vyuo walikubali kwa sharti moja. Idara iwe na profesa kamili wa fani hiyo, anayekaa hapohapo chuoni, si wa kuja na kuondoka. Nyanda haikuwa naye. Waliitwa maprofesa kutoka pwani, wakaja, wakala ndizi na nyama, wakasifu hali ya hewa, wakarudi zao. Rabson alikuwa amekwisha kukata tamaa pale alipokumbushwa kwamba Profesa Sosthenes Mwalongo, aliyestaafu chuo kingine, yuko nyumbani kwake Nyololo, mkoani Iringa, anapanda miti. Akamfuata hukohuko. Mzee akasema sawa, nyumbani nachoka kukaa, akasaini mkataba. Programu nzima ya uzamivu ikawa imesimama juu ya miguu miwili ya mzee mmoja.

Walianza wanafunzi wanne. Mmoja aliteuliwa cheo wilayani na hakuonekana tena, mmoja akahamia chuo chenye maabara, wa tatu akaacha kupokea simu. Akabaki Yudith.

Ibada ya shukrani kule Kihesa ilifanyika mwaka ule wa kwanza, wakati alikuwa hajaandika hata ukurasa mmoja. Mama yake alipeleka habari usharikani, wazee wa kanisa wakazipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa usharika una chekechea yake, mtu akakumbuka kwamba walimu wa pale wana joho moja la mtu mzima ambalo mwalimu mkuu hulivaa siku ya watoto kuhitimu. Yudith alifika kutoka Mbeya akakuta limepigwa pasi na limetundikwa. Aligoma. Alimwambia mama yake kwamba hayo siyo mahafali, kwamba kasajiliwa tu.

"Hata Form Four mlianza mahafali, mtihani mkafanya baadaye," mama akasema. "Na ulifaulu. Sasa tatizo liko wapi?"

Mgeni rasmi alikuwa Profesa Sosthenes mwenyewe, aliyealikwa na mama huyohuyo kwa simu. Alikuja amevaa koti lake la kijivu, akaona joho, akamwona mwanafunzi wake anavyojikunyata kwa aibu, akaelewa yote mara moja. Alimnong'oneza kwamba watu wakikufurahia waache wakufurahie, haki yao. Kwaya ikaimba. Profesa akamvika kofia, akairekebisha kamba yake ikae upande wa kushoto, akampa mkono, na kanisa zima likapiga vigelegele. Baadaye kwenye mnada wa mavuno, ambapo watu hununua walivyotoa wenzao, profesa alimshindania jogoo na mzee mmoja mbishi mpaka akamshinda, akaondoka na jogoo kwapani. Ilikuwa siku njema. Yudith aliikumbuka kwa aibu mwanzoni, kisha kwa furaha, na mwisho akawa hataki kuikumbuka kabisa.

Utafiti wake ulihusu mnyauko wa viazi mviringo, ugonjwa unaolaza shamba la mtu kwa wiki moja tu wakati majani bado mabichi. Siku ya kwanza shambani, kwenye miteremko ya juu ya jiji la Mbeya, profesa aling'oa mche ulionyauka, akakata kipande cha shina kwa kisu cha mfukoni, akakitumbukiza ncha tu kwenye glasi ya maji safi, akaishika glasi mbele ya jua. Akamwambia atulie. Hawakungoja sana, uzi mweupe mithili ya maziwa ukaanza kushuka taratibu kutoka kwenye shina ukielekea chini ya glasi. Ndio bakteria wenyewe hao, profesa akasema, maelfu kwa maelfu, wanatoka. Yudith alikuwa amefundisha baiolojia miaka mingi na hakuwahi kuona kitu kama kile. Alitamani wanafunzi wake wote wa sekondari wangekuwepo.

Profesa hakusoma kazi ya mtu kwenye kompyuta. Ilibidi uchapishe, ufunge na kamba, umpelekee mkononi, naye angeichukua hadi Nyololo Ijumaa na kuirudisha Jumatatu imejaa penseli. Sura ya kwanza ilirudi imechafuka mpaka pembezoni. Ya pili ikarudi na maswali ambayo Yudith aliyalalia mwezi mzima. Hivyo ndivyo mtu anavyofunzwa, na Yudith alilalamika kwa mdomo lakini moyoni alifurahi.

Sura ya tatu ilirudi safi. Profesa aliisifu sana. Wiki mbili baadaye akaiomba, akasema hajaiona bado. Yudith akadhani imepotea, akampa nakala nyingine. Ikarudi safi, na sifa zilezile, kwa maneno yaleyale. Alipoiomba mara ya tatu, Yudith aliipeleka, akasimama mlangoni mwa ofisi akamtazama. Mzee alikuwa ameshika penseli, ameuinamia ukurasa wa kwanza. Alikaa hivyo muda mrefu bila kufungua wa pili. Kisha akainua uso, akatabasamu kwa adabu kama mtu anayeona mgeni, akamkaribisha kiti.

Yudith alitoka pale bila kuketi. Aliyatazama ya nyuma yote akaona namna yalivyokuwa yakimjia kidogo kidogo, naye akiyafumbia macho: yale majina ya vijiji yaliyompotea profesa, ile siku alipofundisha somo moja mara mbili na darasa likanyamaza kwa heshima. Wanafunzi walikuwa wanajua. Mhudumu wa ofisi, aliyekuwa akimwelekeza profesa chooni kila siku, alijua. Ni wakubwa tu waliokuwa hawajui, na hata hao Yudith alipomfuata Rabson kwenye kile chumba chake cha nyavu, aligundua kwamba naye anajua.

Rabson alifunga mlango. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba wakaguzi wanakuja Machi, na wakimkuta profesa hayuko sawa, programu inafungwa siku hiyohiyo na kazi ya Yudith ya miaka minne inakwenda na maji. Hakuna profesa mwingine wa kumsimamia, si hapa, si popote karibu. Kinachotakiwa, alisema, ni saini ya msimamizi kwamba tasnifu iko tayari kutahiniwa. Watahini wa nje wameshapatikana. Ikisainiwa kabla ya Machi, Yudith ametoka salama, na chuo kinaweza kusema kimetoa dokta wake wa kwanza.

"Wewe maliza tu, dada Yudith," alisema. "Umalize haraka kabla mzee hajaisha."

Yudith alimaliza haraka. Aliandika asubuhi kabla ya vipindi na jioni baada ya vipindi. Hakuna penseli iliyopita kwenye sura zake tatu za mwisho. Alizisahihisha mwenyewe, akijiuliza maswali kwa sauti ya profesa, na hakuwa na uhakika na majibu. Kila Jumatatu alimsalimia mzee, akamsaidia kuvaa koti, na kumwongopea kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Alijichukia kwa hilo. Mtu aliyemwonyesha ule uzi mweupe kwenye glasi alikuwa anazama mbele ya macho yake, na yeye alichokuwa anaomba kwa Mungu ni kwamba asizame upesi.

Krismasi profesa alikwenda nyumbani Nyololo. Januari chuo kikafunguliwa, yeye hakurudi. Rabson alipiga simu, mkewe akapokea na kusema mzee amepumzika. Rabson akamwita Yudith, akamkabidhi karatasi ya kusainiwa, akamwambia amfuate.

Nyololo ni mji wa kando ya barabara kuu, lakini kwa profesa ni ndani zaidi, unapita mashamba ya miti ya mipaina halafu unashuka. Ukungu ulikuwa umekaa chini na manyunyu hayakatiki. Yudith alifika viatu vimejaa udongo mwekundu, tasnifu ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuikumbatia ndani ya koti. Mama Blandina, mke wa profesa, alimpokea mlangoni. Wakaamkiana kwa lugha ya nyumbani, kamwene, kamwene, mama akamvua koti na kumsogeza jikoni kwenye moto. Alikuwa mwanamke mnyamavu, amechoka. Alisema mzee leo kaamka vizuri. Alisema hivyo namna watu wanavyosema juu ya mtoto aliyekuwa na homa.

Profesa alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, anachambua viazi vya mbegu. Vikubwa huku, vidogo huku, vyenye kasoro pembeni. Aliinua macho, na uso wake wote ukachangamka.

"Dokta!" alisema. "Karibu, karibu, Dokta."

Yudith alifurahi mpaka akasahau kukaa. Kumbe kamtambua. Hilo jina ni utani wa Kihesa, na mzee anaukumbuka utani, basi akili ipo. Akamwamkia, akajibiwa vizuri, akaulizwa habari za Mbeya, za mvua, za viazi. Akajibu, roho ikamshuka mahali pake. Akafungua mfuko, akaweka tasnifu magotini pa profesa, akamweleza kwamba imekamilika na kwamba anaomba saini ili aende kutahiniwa.

Profesa alilipapasa jalada. Akacheka kidogo kwa upole.

"Utahiniwe nini tena? Si ulishahitimu wewe. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuvika kofia."

Akaanza kusimulia. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka kwaya na sare zake za zambarau, alikumbuka kamba ya kofia ilivyokuwa inaangukia upande usiotakiwa naye akaihamisha, alikumbuka mama yake Yudith alivyolia na kumshika mkono asiuachie. Alikumbuka hata jogoo. Alimwambia mkewe kwamba yule jogoo alikuwa wa mahafali ya Dokta huyu hapa, na kwamba katika maisha yake yote ya ualimu hajawahi kuona mahafali mazuri namna ile. Katika miaka minne ya Nyanda, siku iliyobaki nzima kichwani mwake ilikuwa hiyo moja.

"Profesa, ile ilikuwa shukrani tu," Yudith alisema. "Joho lilikuwa la chekechea. Mimi bado."

Mzee alimkunjia uso, na kwa kitambo akawa yule wa zamani, yule mkali wa penseli. Akamwambia kwamba mtu hatahiniwi mara mbili kwa shahada moja, huo ni utapeli, na yeye jina lake haliweki kwenye utapeli. Akairudisha tasnifu mikononi mwa Yudith, kwa adabu lakini kwa uthabiti. Kisha akarudi kwenye viazi.

Mama Blandina alimvuta Yudith pembeni, hadi mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mzee husaini chochote akiambiwa ni cha kanisa. Karatasi za shamba amezisaini hivyo, za mkataba wa mwaka jana pia amezisaini hivyo.

"Nikwambie ukweli, mwanangu, haimdhuru," alisema. "Lete hiyo karatasi, nimwambie ni ya ahadi ya jengo."

Yudith aliishika karatasi. Alifikiria darasa. Alifikiria Machi, mama yake, umri wake, sura zile tatu ambazo hakuna aliyezisoma. Saini ilikuwa hapo, hatua chache, ingechukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi. Alimtazama mzee. Alikuwa amekikata kiazi kimoja katikati, anakiminya na kukiangalia kwa makini chini ya mwanga wa dirisha kama hakina ule ute mweupe, na alipoona hakina akakiweka kwenye rundo la mbegu njema. Mtu huyu alikuwa amekataa utapeli sasa hivi. Alikuwa amesahau mwaka na amesahau chuo, ila hilo hakulisahau. Yudith akaikunja karatasi akairudisha mfukoni, na hakuona fahari yoyote kwa kufanya hivyo, aliona tu kwamba kila kitu kimekwisha.

Alipoaga, profesa alimshika mkono akamvuta karibu, kama mtu mwenye jambo la siri.

"Dokta, nina ombi," alisema. "Kuna mwanafunzi wangu kule Nyanda, anaitwa Yudith. Binti wa Kihesa. Kazi yake nzuri sana, ila mimi nimezeeka, na pale hana mtu mwingine. Naogopa ataachwa. Mchukue wewe umsimamie."

Moto ulikuwa unalia. Mama Blandina aligeuka akajifanya anatafuta kikombe.

"Nitamchukua, Profesa," Yudith alisema.

"Asante. Hapo umenitua mzigo."

Machi wakaguzi walikuja. Waliomba kumwona profesa, Rabson akajiumauma, wakaandika walichoandika. Programu ya uzamivu imesimamishwa mpaka chuo kitakapopata profesa mwingine, na hakuna anayemjua huyo mwingine wala anatoka wapi. Chuo kimoja cha pwani alichokiandikia kilimjibu Yudith kwamba anakaribishwa kuanza upya, na mada itabadilika kwa sababu kwao hawalimi viazi. Muda aliopewa ukaisha wakati anasoma jibu hilo. Akatolewa darasani akapelekwa kurugenzi, kwenye chumba kilekile cha nyavu, awe anapokea maombi ya wanaotaka kusoma shahada za juu. Wanapiga simu kutoka Tukuyu, Makambako, Vwawa, wanauliza kama ni kweli Nyanda ina uzamivu, maana wameona kibao. Kibao bado kipo.

Pasaka alikwenda nyumbani. Baada ya ibada watu walitoka nje kwa mnada, kukiwa na mahindi, mayai, na jogoo aliyefungwa miguu. Mchungaji alisema kabla hawajaanza, angependa Dokta wetu aliyetoka Mbeya asimame atusalimie, na neno moja la kuwatia moyo vijana. Kanisa likapiga makofi. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, shingo ameinyoosha, anawatazama majirani mmojammoja kuhakikisha wanasikia.

Yudith akasimama. Akawasalimu kwa jina la Bwana, akawaambia vijana wasome kwa bidii, wasikate tamaa. Safari hii hakuwaambia kwamba bado.